Rangi Inayoficha

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mwandiga, nasubiri kupimiwa misumari. Mbele yangu walisimama watu wawili wa kamati ya zahanati ya kijiji chao, mwanamume na mwanamke, waliotumwa kuchagua rangi ya chumba cha kujifungulia. Muuzaji aliwawekea makopo mawili juu ya kaunta, moja la rangi nyeupe, jingine la kahawia iliyokoza.

"Kahawia," alisema mwanamume. "Nyeupe itaonyesha uchafu wote. Hii inaficha."

"Inaficha nini, baba?"

"Vumbi, mama. Damu."

Mwanamke alilisogeza kopo la nyeupe mbele kwa kiganja. Hakupaza sauti. "Mimi nimejifungulia mle. Nilitaka nione kama damu ya aliyenitangulia imefutwa."

Mwanamume akacheka kidogo, kama anayemvumilia mtoto, akamgeukia muuzaji. "Tufungie kahawia."

Hasira iliyonipanda pale ninayo mpaka leo. Ndivyo tulivyozoea. Ofisini, stendi, wodini, nusu ya chini ya ukuta tunaipaka rangi nzito, halafu dekio tunaliegemeza pembeni likauke. Uchafu usipoonekana, tunasema ni pasafi.

Mwanamume yule alikuwa amevaa shati jeupe. Alipobeba kopo, vumbi jekundu lililokuwa kitakoni mwa kopo hilo likamgusa mkono wa shati. Aliliona papo hapo. Akatua kopo chini, akatoa leso, akasugua mpaka likatoka lote.