Mama Choo wa Lamalu

Wiki ya pili haijaisha, watu wa Lamalu walikuwa wameshampa Felisa Lagado jina jipya: Mama Choo. Wala hawakumficha. Akipita na mkoba wake wa vichupa begani, akina mama waliokuwa wakikuna nazi za kupikia laplap, mkate wao wa viazi, waliitana kwa sauti.

"Fungeni milango jamani, Mama Choo anakuja kuchungulia!"

"Nikichungulia nikakuta sabuni, nitawasifu," aliwajibu. "Nisipoikuta, Jumapili nasema kanisani."

Walicheka, naye akacheka, lakini alichungulia kweli.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na miwili, mwenye mwendo wa mtu anayewahi gari, ingawa Lamalu nzima ilikuwa na gari moja tu, tena bovu. Kwao ni Leyte, huko Ufilipino, alikofanya kazi ya bibi afya kwa miaka ishirini na mitatu, akikagua masoko na visima. Sasa alikuwa amekuja Vanuatu kujitolea kwa mwaka mmoja, awe mshauri wa maji, vyoo na usafi, ili kimbunga kikija kiwakute watu wamejiandaa. Mkoa ulimpangia kisiwa cha Epi, na Epi ikampangia Lamalu, kijiji cha nyumba sitini kati ya bahari na mlima. Akafikia kwa Leikita, mjane mwenye ulimi mkali, mwenyekiti wa kamati ya akina mama.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima maji. Alijaza vichupa kutoka kila mahali watu walipochota, akavipanga dirishani kwa Leikita na kusubiri siku tatu. Kichupa kikigeuka cheusi, maji yake yana uchafu wa choo. Cha kisima cha kijiji hakikusubiri siku tatu. Kesho yake asubuhi kilikuwa cheusi kama wino.

Akakichukua, akampelekea Chifu Obed, aliyekuwa ameketi mlangoni pake akimenya kiazi kikuu.

Mzee alikiinua kichupa juani. "Umetia nini humu?"

"Maji yako, chifu."

"Maji ya baba yangu," alimsahihisha. "Kisima kile alikichimba kwa mikono yake. Nimekinywa miaka sitini na tano. Mbona sijafa?"

"Wewe una tumbo la chuma. Mimi naulizia wajukuu."

"Wajukuu huhara. Ndivyo wajukuu walivyo." Akamrudishia kichupa na kuendelea kumenya.

Choo cha kanisa kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kisimani, tena upande wa juu. Mtu yeyote angeliona hilo. Felisa alipaka rangi ubao, akaandika kwamba maji haya si ya kunywa, akausimamisha pale. Siku mbili baadaye aliukuta umezibia pengo kwenye zizi la nguruwe.

"Pole," Leikita alimwambia, huku akijizuia kucheka. "Hapa kwetu ubao haumkatazi mtu. Jani la namele ndilo linalokataza. Likishawekwa, hata mlevi halivuki. Lakini wa kuliweka ni chifu peke yake."

"Basi chifu ataliweka."

"Kwenye kisima cha baba yake? Labda samaki waanze kupanda minazi."

Felisa akaona aanze na kile kinachowezekana, yaani matangi ya maji ya mvua. Yalikuwa mawili makubwa, moja la shule, moja la kanisa. Alipanda ngazi, akafunua lile la shule na kumulika ndani. Chini kulikuwa na tope la miaka kumi na mijusi iliyokufa zamani. Ilikuwa katikati ya Novemba, na redio ilitangaza mvua wiki inayofuata. Akaamuru tangi lifunguliwe maji yote yatoke, lisuguliwe, litiwe dawa. Siku ile watoto walioga hadi wakachoka, na tangi likang'aa ndani kama sufuria jipya.

Mvua haikuja. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Tangi la kanisa likaanza kutoa mlio wa utupu. Wiki ya tatu watu waliokuwa wameanza kukiacha kisima walirudi kisimani na ndoo zao, na wale wasiotaka walipanda mlimani hadi kwenye chemchemi, mwendo wa saa moja na nusu kwenda tu. Vicheko vya akina mama vikaisha. Alipopita, walisema maneno ya kusikika.

"Maji yakimwagika hayazoleki, si ndiyo?"

"Mwulizeni Mama Choo, yeye ndiye fundi wa kumwaga."

Afisa wa wanaojitolea alimpigia simu kutoka mjini. Alikuwa amesikia. Akamwambia kwa upole kwamba kama hali ni ngumu, wanaweza kumhamishia kisiwa kingine, wala hakuna atakayemlaumu.

"Watu hawana maji kwa sababu yangu," Felisa alijibu. "Nihame niende wapi?"

Jumapili ile, ibada ilipokwisha, aliomba kusema. Wengine walikuwa wameshainuka. Alishika mgongo wa benchi.

"Tangi nililimwaga mimi. Nilisikiliza redio, sikumuuliza hata mtu mmoja wa hapa. Ni kosa langu, si la kamati. Kuanzia kesho nitapanda mlimani kila siku mpaka mvua inyeshe, na nitakachobeba ni cha wazee na wagonjwa. Naomba msamaha."

Chifu Obed akakohoa nyuma.

"Ungeniuliza ningekwambia. Mwaka huu mashelisheli yamezaa kupita kiasi. Mwaka wa namna hiyo mvua huchelewa." Akainuka kwenye benchi. "Lakini hujatafuta wa kumsingizia. Hilo nimelisikia."

Kesho yake, jua halijachomoza vizuri, Felisa alishika njia ya mlimani na madumu mawili ya lita kumi. Siku ya kwanza alianguka mara mbili. Siku ya nne visigino vilitoka damu, akavifunga kitambaa na kwenda. Siku ya sita Leikita, aliyekuwa akimfuata nyuma na madumu yake, alishindwa kuvumilia.

"Dada, wewe una watoto kwenu, una kazi yako, una nyumba. Hapa tunakusema mchana kutwa. Kwa nini usijiendee zako?"

Felisa aliweka madumu chini. Alikaa juu ya jiwe, akafuta uso kwa ncha ya fulana.

"Kile kimbunga kikubwa kilipotupiga Leyte, bahari iliingia mjini. Mdogo wangu alimshika binti yake, Analyn, wakapanda juu ya paa. Miaka minne, yule mtoto. Upepo haukumuua. Bahari haikumuua. Tulisherehekea, unaelewa? Tukasema huyu ana bahati." Alitazama mikono yake. "Halafu tukanywa maji tuliyoyapata. Siku ya tisa akafa kwa kuhara. Na mimi ndiye bibi afya wa mji! Nilizunguka mji mzima kutafuta vidonge vya kutibu maji, nisipate hata kimoja. Vilikuwa kwenye stoo ya chini, na stoo ilikuwa imejaa bahari. Tulijua tangu zamani kwamba ile stoo iko chini. Kila mwaka tulisema tutavihamisha."

Leikita aliinama, akachukua dumu moja la Felisa, akaliongeza kwenye yake, akatangulia.

Mvua ilinyesha wiki ya sita, siku mbili kabla ya Krismasi. Ilinyesha kwa hasira, kama iliyokuwa imezuiliwa, na tangi la shule likajaa hadi likamwaga. Felisa alijaza vichupa, akasubiri siku zake tatu. Vilibaki vyeupe. Alimpelekea chifu kimoja. Mzee akakitazama, akakiweka juu ya kabati karibu na saa yake ya mkononi, wala hakukirudisha.

Januari yote Felisa alifundisha. Kila choo kilining'inizwa kibuyu chirizi cha kunawia mikono na kipande cha sabuni. Dawa ya maji alisema isikae kwenye ofisi ya kijiji iliyoko ufukweni. Wakaipeleka kwa mwalimu mkuu, kilimani. Matangi yakazungushiwa kamba nene na kufungwa kwenye vigingi vya chuma. Madumu arobaini yalioshwa, na mashimo ya kuyazika hadi shingoni yakachimbwa. Kisha akatangaza siku ya mazoezi: kengele ya kanisa ikigongwa, kila mtu afanye kama kimbunga kiko njiani.

Kengele iligongwa. Wakaja wanawake sita.

Wanaume walikuwa wamekaa kivulini nje ya nyumba yao ya kunywea kava, wakitazama kama watu waliokuja kwenye mchezo wa mpira.

"Mama Choo, kimbunga kiko wapi? Mbona sikioni?"

"Sisi tumezaliwa na vimbunga. Kimbunga chenyewe kinatuogopa!"

"Vizuri," Felisa alisema. "Kikija mtakwenda kuzungumza nacho." Akawageukia wale sita. "Tuanze."

Walishusha mifereji ya mabati kwenye paa la shule wao wenyewe, ili upepo usiing'oe na uchafu wa paa usiingie tangini. Wakafunga mifuniko kwa waya, wakajaza madumu, wakayazika. Walimaliza wakiwa hoi. Wiki iliyofuata kengele iligongwa tena, wakaja tisa. Mara ya tatu alikuja Chifu Obed na saa yake, akakaa juu ya kiti mbele ya shule na kutazama mwanzo hadi mwisho.

"Saa moja na dakika kumi," alisema walipomaliza. "Kimbunga hakitawangoja muda wote huo." Akageukia kivulini, na sauti yake ikapanda. "Nyinyi mliozaliwa na vimbunga! Wanawake wanapanda paa na nyinyi mmekaa kama magunia ya mbata! Kesho nataka kila mwanamume mwenye miguu miwili hapa. Mwenye mmoja aje na gongo."

Kesho yake walitumia dakika thelathini na tano.

Kimbunga kilikuja katikati ya Machi, mchana kweupe. Redio ilionya tangu asubuhi. Kengele iligongwa, na safari hii hakuna aliyecheka. Mifereji ikashuka, vigingi vikakaguliwa, madumu yakaingia mashimoni, watu wakajifungia katika darasa la zege. Saa sita jua likafichika. Saa saba upepo ulikuwa unalia kama mnyama aliyenaswa, na mabati ya nyumba za watu yakapita dirishani yakiruka. Felisa alikaa sakafuni na mtoto wa mtu mapajani, asimjue ni wa nani. Midomo yake ilikuwa ikisali kwa Kiwaray, lugha ya nyumbani.

Walipotoka jioni, Lamalu haikuwa Lamalu. Nyumba thelathini na moja zilikuwa zimelala chini. Kanisa halikuwa na paa. Tangi la kanisa, pamoja na kamba na vigingi vyake, lilikuwa limebiringika hadi baharini. Udongo wa pale ni wa kichanga, na Felisa hakuwa amelipima hilo. Alilaani kwa sauti, kisha akaenda kukagua la shule. Lilisimama. Akagonga ubavu wake. Lilikuwa limejaa.

Kisima kilikuwa kimefurika maji ya kahawia, na shimo la choo cha kanisa lilikuwa wazi juu yake.

Walipiga hesabu: tangi moja, madumu arobaini, watu mia tatu na kumi. Meli haitakuja kabla ya wiki moja kupita. Kila nyumba ikapangiwa kipimo chake cha kunywa na kupika, na maji ya kufulia yatoke kwenye kijito cha mlimani kilichojazwa na mvua ya kimbunga. Siku ya pili joto likawa kali, na wanaume waliokuwa wakikata miti iliyoanguka wakaanza kunung'unika. Mmoja akachukua ndoo, wengine wakamfuata kuelekea kisimani. Felisa aliwakimbilia akiwapigia kelele. Hawakusimama.

Walisimama walipofika. Chifu Obed alikuwa amesimama kisimani, na mkononi ameshika majani mawili marefu ya namele. Hakuna aliyejua aliyatoa wapi, maana bustani zote zilikuwa zimekatikakatika.

"Kisima hiki alikichimba baba yangu," alisema. "Nilibeba udongo wake nikiwa mdogo. Leo nakifunga." Akayapitanisha majani juu ya mdomo wa kisima, taratibu, kama anayemfunika mtu aliyelala. "Atakayechota hapa, aje anieleze mimi."

Mwenye ndoo akaishusha. Wakageuka, mmoja mmoja.

Felisa alibaki. Akasema, "Asante, chifu."

"Usinishukuru. Nenda kagawe maji."

Akaenda. Kila asubuhi alizunguka vibanda vya maturubai akihesabu watoto na kuuliza matumbo yao. Watatu walihara, aliwanywesha maji ya chumvi na sukari, akakaa nao hadi wakaomba chakula. Siku ya kumi na moja meli ilitia nanga, ikiwa na mchele na matangi mapya. Mganga aliyeshuka nayo aliuliza wamezika wangapi. Leikita akamwambia, hakuna. Mganga akadhani hakumsikia, akauliza tena.

Felisa akaingia nyuma ya shule na kulia kwa sauti. Leikita alimkuta huko.

"Watoto wote wapo. Unalia nini sasa?"

"Ndiyo maana nalia," alisema, akapenga kamasi. "Niache kidogo, halafu nakuja."

Mwezi Mei Chifu Obed mwenyewe alipima hatua za choo kipya cha kanisa: hamsini, upande wa chini. Felisa alitaka sitini. Walibishana asubuhi nzima, wakaafikiana hamsini na tano. Mwaka wake ulipokaribia kwisha aliomba aongezewe miezi sita. Binti yake alimgombeza kwenye simu, akitaka kujua kama amepata mume huko. "Nimepata choo," Felisa alimjibu, na binti akakata simu akicheka.

Chifu wa kijiji cha pili alituma mtu kumwita Mama Choo aende akawapimie maji. Felisa alikuwa na zege mikononi, akifinyanga mfuniko wa shimo. Akamwonyesha mjumbe kwa kidevu mahali alipo Leikita. Leikita akavaa gauni lake la Jumapili, akachukua mkoba wa vichupa, akatangulia njiani bila kumsubiri mjumbe.