Fundi Baruti na Mwamba Ulio Hai

Cleopa alizaliwa Munisagara, kwa wakulima wa milimani, na alikuwa mtu mzima kabla hajaiona bahari. Alifanya kazi kwenye mkonge Rudewa mpaka shamba likafifia na watu wakapunguzwa. Akapata kibarua kwenye machimbo ya kokoto ng'ambo ya Mikumi, barabara kuu ilipokuwa ikitengenezwa upya, na huko akajifunza kulipua miamba. Mkono wake ulikuwa mtulivu. Haikupita muda akakabidhiwa ufunguo wa stoo ya baruti.

Masika moja mkewe Rebeka alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, barabara tope tupu. Aliyewafikisha hospitali Kilosa ni Vitalis, dereva wa lori la mmoja wa wale matajiri wapya walioibuka biashara ilipofunguliwa. Alikwama, akachimbua, akakwama tena, na mwisho wa yote akakataa hata kuku wa shukrani. Rebeka akajifungua salama mtoto wa kike, Winnie. Tangu siku ile Cleopa alimhesabu Vitalis kuwa ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo Vitalis alipomvuta kando siku moja machimboni, Cleopa alimsikiliza.

"Ndugu yangu, tajiri wangu anachimba visima pwani, amekuta mwamba mgumu. Nipatie baruti kidogo na tambi za kuiwashia."

Cleopa alijua huo ni wizi. Lakini ulimi ulimwia mzito kumkatalia mtu yule. "Nipe mpaka Jumamosi," akasema.

Akirudi nyumbani alipita stendi ya Mikumi kwa Regina, mwenyeji wa Kilosa aliyeolewa Kilwa, na ambaye baada ya kufiwa na mume alirudi na biashara ya samaki. Alimkuta akitenga pembeni samaki kadhaa aina ya pono.

"Hao wana nini, dada Regina?"

"Wameuawa kwa baruti, Baba Winnie. Tazama." Akampasua mmoja. Ngozi haikuwa na hata mkwaruzo, lakini uti wa mgongo ulikuwa umevunjika na matumbo yamekuwa uji.

Cleopa aliduwaa. Mara ngapi alikuwa ameona jiwe zima kwa nje, kumbe ndani limesagika?

"Hao wavuvi baruti wanaitoa wapi?" akauliza, ingawa moyo ulikwisha kumjibu.

"Kwenye machimbo kama yenu. Husingizia visima. Na wanachovunja kule si jiwe kama lako. Matumbawe, ule mwamba wa baharini, yana uhai, yanakua polepole kushinda mti wa mninga. Ndiyo nyumba ya samaki, ndipo watoto wao wanapojificha. Mama mkwe wangu ameokota pweza pale Kilwa tangu usichana wake, leo upande mzima umekuwa kifusi."

Nyumbani alimweleza mkewe kila kitu. Rebeka alifikiri, kisha akasema, "Vitalis alituokoa. Nasi tumwokoe. Mwambie kwa upole."

Jumamosi Cleopa akamwambia, "Baruti sina ya kukupa. Lakini kama ni visima, nitaomba ruhusa kazini twende wote. Nitachimba kwa nyundo na tindo mpaka maji yatoke, bure."

Vitalis alitikisa kichwa. "Si visima," akasema.

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia wewe, sijamwambia msimamizi."

Vitalis akapanda lori bila kuaga. Ilipita karibu mwaka mzima kabla hajaonekana tena, akiendesha lori la miwa upande wa Ruaha. Alifika nyumbani kwao, akambeba Winnie begani, akamwambia Cleopa, "Yule tajiri amekamatwa. Kama si wewe, ningekamatwa naye."

Kazi ya barabara ilipokwisha, Regina aliwachukua Cleopa na Rebeka kwenda Kilwa kwa mama mkwe wake, Bi Somoe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Regina kanihadithia habari zako. Kesho bamvua, maji yatakupwa sana. Twende ukaone."

Walitembea kwa miguu juu ya mwamba. Kwanza walipita kwenye kifusi cheupe, kimya, hakuna kinachotikisika. Cleopa alizitambua nyufa zile, ni za baruti. Mbele zaidi, mahali palipopona, Bi Somoe akampa miwani ya kuzamia.

"Piga magoti, tia uso majini. Usiogope."

Akaona matawi ya zambarau na mengine ya rangi ya asali, na visamaki vyembamba vikiingia na kutoka humo kama kuku bandani. Pono walikuwa wakiguguna mwamba, na alisikia meno yao: ka, ka, ka.

Aliinua uso. "Wanauvunja, mama?"

"Wanakula ukoga unaoota juu yake. Wakiachwa, mwamba hupona."

Jumapili baada ya kurudi Kilosa, Cleopa na Rebeka walisimama kanisani wakati wa shukrani, jogoo mkononi. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya Regina aliyemfumbua macho, kwa ajili ya Vitalis, kwa ajili ya Bi Somoe, na kwa ajili ya samaki wa baharini na mwamba wao. Watu wa milimani, wasiowahi kuiona bahari, wakaangua kicheko.

"Endelea, Baba Winnie," mchungaji akasema. "Tueleze huo mwamba."

Naye akaanza kueleza.