Ufunguzi wa Farasi Wanne

Mashindano ya sataranji yalifanyika katika ukumbi wa parokia, Gisenyi, ile miaka ya mwisho ya tisini, siku ambazo mpaka na Goma ulifungwa saa kumi na mbili jioni na aliyechelewa alilala upande uliomkuta. Kura ikanipanga na binamu yangu wa Goma. Tulilelewa pamoja kule, nyumbani kwa mama yake, ambaye kwangu ni mama mkubwa. Tangu wazazi wangu warudi Rwanda pamoja nami, binamu huyo nilimwona kwa nadra, na kila akija alikuwa na haraka ya kuondoka. Siku ile nilikusudia alale kwetu.

Kwa hiyo nikacheza ufunguzi wa farasi wanne. Kila mmoja anatoa farasi wake wawili mapema, na ubao unafanana pande zote mbili, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Ni mchezo wa watu wasio na haraka. Kila zamu yangu nilikaa nikiwaza, na kusema kweli sikuwa nikiwaza farasi. Nilisikia ziwa dirishani. Nikaona chumba chetu cha utotoni, yeye akiniomba hadithi, kisha analala katikati ya maneno yangu. Uso ulikuwa ule ule, ila sasa una ndevu. Katika ndoto hiyo ya macho wazi nikajikuta nimekula askari wake mmoja, bure kabisa.

Mwanga wa dirishani ukageuka wa manjano. Akainamia meza.

"Yaya," akasema, kama wanavyomwita dada mkubwa kule Goma, "tugawane point. Barrière ya mpaka iko karibu kufunga."

"We unapoteza, unajua?"

"Najua. Mama iko ananingojea ku barrière. Nikikawia, hata chakula hatakula."

Nilikasirika. Namjua, kuacha mchezo ashindwe asingekubali kamwe. Ningekataa tu, angelala kwetu. Lakini nikamwona mama mkubwa, kasimama na kitenge mabegani, akikagua kila uso unaovuka. Mwanamke yule alininyima nini maishani?

Nikampa mkono. Sare. Akanikumbatia, akatoka mbio, nami nikabaki mbele ya ubao ambao ningeushinda.

Mama mkubwa alipata mtoto wake jioni ile. Mimi nilipata nusu pointi.