Uani kwa Mkwe

Operesheni ya vijiji vya ujamaa ilipowahamisha watu, waliopima viwanja hawakuuliza nani mkwe wa nani. Nyamburi akapewa nyumba inayotazamana na ya Mniko, mume wa binti yake Gati. Aibu iliyoje! Mama mkwe hakanyagi uani kwa mkwewe. Basi akawa anazungukaga nyuma ya mashamba ya pamba kwenda kisimani, na miguu yenyewe mibovu.

Mwanawe wa kiume wa pekee, Mseti, ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi. Mdomoni ujamaa, zizini kwa mamaye ng'ombe wa wizi! Wachinjaji wa Bunda walikuwa wanawachukua kabla hakujapambazuka, na asubuhi Nyamburi anaswaga ng'ombe wake mwenyewe juu ya zile nyayo zao ili zipotee. Alijua kila kitu. Mtoto akikunyea mkono, huukati mkono. Ndivyo alivyojifariji, mama wa watu.

Siku moja, katika kufuta nyayo hizo, ng'ombe wake wakamponyoka, wakaingia uani kwa Mniko kulamba magadi. Angewafuataje? Akabaki njiani anawapigia miluzi mpaka wakatoka wenyewe.

Jua halijapanda, yowe likalia. Wanaume wa Bugwema walikuwa wanafuata nyayo za ng'ombe wao, na nyayo, zilizovurugwa na ng'ombe wa Nyamburi, zikaishia uani kwa Mniko. Huku kwetu, zikiishia kwako, mwizi ni wewe.

"Ndiye huyu! Mfungeni!" Mseti akapaza sauti, na kamba kaileta mwenyewe, mlaaniwa yule.

Fimbo zikaanza. Gati akalia, "Mama! Si unaona?"

Nyamburi alikuwa ng'ambo ya njia. Akisema, mwanawe amekwisha. Akinyamaza, mkwe anakufa na wajukuu wanabaki yatima. Akanyamaza. Akanyamaza mpaka damu ikamtoka Mniko masikioni, ndipo akavuka njia, akaingia uani. Watu wakaguna.

"Mfungueni. Ng'ombe wenu walilala zizini kwangu. Aliyewaleta ni huyu balozi."

Mseti akamsogelea. "Mama, una wazimu? Nani atakuzika?"

"Fisi hawajaisha."

Kamba ikahamia kwa Mseti, wakamswaga kwenda polisi Musoma. Nyamburi akachota maji amwoshe mkwewe damu. Gati akamnyang'anya bakuli.

"Ulisimama pale tangu fimbo ya kwanza," akasema. "Toka uani kwa mkweo."

Nyamburi akatoka, akazunguka nyuma ya pamba.