Leo Siendi

Mpishi wa hospitali, jirani yetu hapa Itetemia, ana neno lake la asubuhi za mvua: "Leo siendi!" Hulisema uani kwa sauti kubwa, radi nayo isikie. Wakati huo amekwisha kufunika kioo kwa khanga yake ya Uhuru na Kazi, amevua kitambaa chekundu kichwani, maana radi, anasema, inapenda wekundu, na amejivika mfuko wa mbolea kama kofia. Viatu kavishika mkononi. Tukisikia "siendi" tunajua anakwenda, na kweli, mara anashuka korongoni kuelekea mjini, anaufokea upepo kama mtoto aliyemwaga maziwa.

Juzi radi iliupasua mninga wa kando ya korongo, na maji yakajaa hadi ukingoni, yakiburura matawi. Alitoka na mfuko wake kichwani, akayatazama kwa muda, akasema kwa upole, "Leo nakwenda." Kisha akaja kuketi barazani kwetu, akaviweka viatu chini. Hatukucheka. Mke wangu Veneranda akamsogezea chai.

"Na uji wa wagonjwa je, dada?"

"Yupo mwenzangu wa zamu ya usiku, ataupika. Uji wake una madonge, lakini hauui mtu."

Akanywa, akaisifu tangawizi, akaegemea ukuta, ametulia kabisa. Ila mkono wake wa kulia, pale juu ya goti, ulikuwa ukizunguka taratibu bila kukoma, kama umeshika mwiko.