Mabati ya Mchele wa Igunga

Nyumba yetu ya Isevya ilijengwa kwa mchele. Nalisema hili mapema kwa sababu mahakamani halikusemwa, na donge lake ninalo mpaka leo.

Baba alifanya kazi reli. Mshahara wake ulitulisha na kutuvisha, hilo sikatai, na kiwanja kiliandikwa kwa jina lake kwa kuwa siku zile hakuna aliyewaza kuandika jina la mwanamke. Lakini mabati, milango, saruji ya sakafu, vyote vilitoka kwa mama. Kila baada ya wiki mbili tatu alipanda lori kwenda Igunga, akanunua mchele kwa wakulima, akarudi nao umefichwa chini ya magunia ya mkaa, na yeye mwenyewe juu ya mkaa, kanga yote nyeusi.

Alificha kwa sababu Serikali ilikuwa imekataza watu binafsi kufanya biashara ya nafaka. Mazao yauzwe kupitia kijiji, basi. Aliyekamatwa aliitwa mlanguzi, na mlanguzi alifungwa. Shule ikifungwa nilisafiri na mama, na tukikaribia kizuizi cha Nzega aliniambia nijifanye naumwa tumbo. Jamani, nilikuwa hodari wa kuumwa tumbo! Nilijinyonganyonga na kulia mpaka mgambo wenyewe wakamhimiza dereva atuwahishe hospitali. Tukifika Isevya, wateja waliingia kwa mlango wa uani, watu wa kuaminika tu. Baba akiletewa sahani yake alisema, "Huu mchele unanukia," akaongeza mwingine.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne akampa mama talaka. Alikuwa na mchumba mtaa wa Cheyo.

Eda ilipokwisha, wazee wa upande wa baba walikuja kumwambia mama achukue vyombo vyake aende kwao. Ndiyo ilikuwa desturi: mke akiachwa anaondoka na sufuria, kinu, mikeka na sanduku la nguo, nyumba inabaki ya mume. Mama, ambaye hakuwahi kubishana na wakwe, aliwaamkia kwa adabu, kisha akasema, "Vyombo nitachukua, wazee wangu. Lakini nataka na vile vyumba viwili vya uani, nikae na wanangu." Weee! Mzee mmoja alivaa kofia yake akaondoka bila kuaga.

Jirani akamnong'oneza mama kwamba imetoka sheria mpya ya ndoa, na sasa mahakama inaweza kumgawia mke mali aliyoichuma pamoja na mumewe. Tukaenda. Mama alivaa baibui lake la sikukuu, na njia nzima alikuwa akihesabu kwa vidole: mabati, milango, saruji. Nilifurahi. Nilijua vyumba viwili tumepata.

Hakimu alikuwa mtu mpole. Alisema, "Mama, kupika na kufua ni wajibu wa mke, hapa hatuuhesabu. Katika kuijenga nyumba hii, wewe ulichangia nini?"

Mama akageuka kutazama nyuma. Mlangoni alisimama askari. Karani alikuwa ameshika kalamu, anangoja kuandika kila neno. Nikamtazama baba, naye ametulia tuli, mikono mapajani, hana wasiwasi hata chembe. Hapo ndipo nilipoelewa. Baba alijua kwamba mama akisema mabati yametoka wapi, hatarudi nyumbani siku ile.

"Fikiri vizuri, mama," hakimu akamhimiza.

Nikainuka kwenye benchi. Mama akanikata jicho, nikakaa.

"Sikuchangia kitu, Bwana Hakimu," akasema. "Mabati alinunua yeye. Saruji alinunua yeye. Mimi nilikuwa nakaa tu nyumbani."

Hakimu akamgeukia baba, akamuuliza kama ni kweli.

"Kweli kabisa," akasema baba yangu, mtu wa sala tano.

Nje nilimlipukia mama badala ya baba, na hilo linaniuma kuliko yote. Nilimwita mwoga. Nilimwambia ametuuza, watu wakasimama kututazama. Aliningoja nimalize, akanifuta makamasi kwa ncha ya baibui.

"Ningesema kweli," akasema, "leo wewe na wadogo zako mngelala na nani?"

Tulihamia kwa mjomba, tukiwa na sufuria zetu na kinu. Mama hakukanyaga tena ile nyumba. Yeye na baba wote wawili wameshatangulia, na ndugu zangu aliowazaa baba na yule mke wa Cheyo ndio wanaoishi humo, wala sina ugomvi nao, maana wao wanajua walichoambiwa. Nakala ya hukumu ninayo mimi. Imepigwa taipu vizuri, ina mhuri, na inasema kwamba mke mwenyewe amekiri hakuchangia kitu.