Anayelisifu Gunia Alivae

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niingize kichwa ndani ya gunia na kusalimia.

Ilikuwa Ruanda, kule Mbozi, kwenye ghala la wakulima wa kahawa. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla ya mavuno, nami nikabaki mkubwa wa watoto wanne. Mdogo wetu wa mwisho, Tabu, nilikwenda naye mgongoni asubuhi hiyo. Nilisikia wanatafuta mtu wa kushona viraka, na nyumbani tulikuwa tumebakiwa na unga wa siku mbili.

Mkuu wa pale alikuwa Msimamizi wa Magunia, mzee mfupi mwenye sauti ya besi ya kwaya.

"Unajua kushona, binti?"

"Najua, mzee."

"Kila mtu anajua. Kunusa je?"

Nikadhani amelewa. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Gunia lililokwisha kutumika halisahau. Ukitia kahawa kwenye gunia lililobeba dagaa, mnunuzi atakunywa dagaa. Kwa hiyo kabla ya sindano ilianza pua. Alinirushia magunia matatu.

"Dagaa," nilisema juu ya la kwanza.

"La pili?"

"Mahindi. Yalinyeshewa."

La tatu nilikaa nalo kidogo. "Hili lina mtu."

"Mtu?"

"Mtu mzima. Anakunywa pombe ya komoni, na hajaoga tangu Jumapili."

Mlinzi wa ghala, ambaye alikuwa akiapa kila mwezi kwamba hajawahi kufumba jicho kazini, alikohoa, akaenda kukagua uzio. Msimamizi alicheka mpaka akakalia mizani, na mizani ikacheka naye kwa kuruka juu na chini.

"Kesho njoo mapema," alisema. "Na hilo la tatu chukua. Gunia likishalaliwa na mtu halirudi kwenye chakula."

Nililifua, nikalipeleka nyumbani. Baridi ya Mbozi mnaijua. Mwaka ule tulijifunika wanne gunia hilo moja, na aliyelala pembeni alijifunika maelezo.

Nieleze kazi ilivyokuwa, maana vijana wananiuliza. Chombo chetu kilikuwa shazia, ile sindano nene iliyopinda ncha, na uzi wa katani uliopakwa nta. Gunia lilikung'utwa, likaanikwa, likanuswa, ndipo likashonwa. Kisha lilipewa cheo. Jipya lilikuwa la kahawa. Likichoka kidogo likawa la mahindi, baadaye viazi, baadaye mkaa. Likishindwa mkaa likawa la kufutia miguu mlangoni, na likishindwa hata miguu, lilizikwa kwenye shimo la mgomba. Mgomba ulilila, sisi tukala ndizi. Sheria ilikuwa moja: gunia hushuka cheo, halipandi. Lililobeba mkaa halirudi kwenye unga hata uliombee misa.

Ili mtu asidanganye, Msimamizi aliweka desturi, nami alinifundisha siku ileile ya kwanza. Anayelisifu gunia kuwa safi alivae kichwani mpaka mabegani, asimame katikati ya yadi, asalimie watu wote kwa sauti. Akimaliza salamu bila kupiga chafya, gunia limepita. Niliwaona wazee wa kanisa wakisema "Bwana asifiwe" kutoka ndani ya magunia, nasi tukiitikia "Amina" kwa heshima zote.

Miaka kadhaa baadaye nilihamishiwa Itumba, kule Ileje, kwenye ghala la nafaka. Mkuu wa pale alikuwa Bwana Ghala, mtu mwema, ila alikuwa ametia ugoro puani kwa muda mrefu hata pua ikawa pambo. Kwake kila gunia lilikuwa safi. Alilivaa, akasalimia, akatoka anatabasamu, hata kama lilikuwa limebeba mbuzi. Kwa hiyo mzigo wote uliangukia pua yangu, na pua hiyo ndiyo iliyokuwa shamba la wadogo zangu.

Sasa niseme kosa langu, maana mzee anayesimulia ushindi tu anauza gunia bila kulivaa. Nilipata mafua makali. Nikaogopa kusema, nisije nikaambiwa nipumzike nyumbani nisikokuwa na chakula. Nikapitisha furushi la magunia nikiwa sinusi chochote. Mojawapo lilikuwa limelala chini ya dumu la mafuta ya taa. Likatiwa unga wa harusi.

Ugali ule uliliwa kwa adabu kubwa. Watu wa Ileje ni wastaarabu. Baba wa bwana harusi alimeza tonge, akafikiri, akasema, "Jamani, anayewasha sigara asogee mbali na sahani."

Bwana Ghala hakunifukuza. Aliniita, akajifuta ugoro, akasema, "Pua ikiugua, mwenye pua akae nyumbani. Chakula tungekuletea." Na kweli siku ile alileta debe la mahindi. Nilimshonea koti lake bure mpaka nilipoondoka.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Tunduma, kwenye yadi ya magunia karibu na foleni ya malori. Huko gunia la katani lilikuwa limekwisha kuwa nadra, kiroba cha plastiki ndicho kilichotawala. Mifuko ilifika kutoka pande zote mbili za mpaka, na madereva wa Zambia waliniita "bamayo", yaani mama. Vijana wa yadi waliniita Bibi Pua. Wadogo zangu walikuwa wamekua, kila mmoja na nyumba yake, na binti wa Tabu alikuwa akisoma shule ya bweni.

Meneja wa yadi alikuwa kijana msomi, shati limenyooka, mwenye haraka. Siku moja alinikuta nimeshika kiroba, nimekunja uso.

"Meneja, hivi ni vya mbegu zilizopakwa dawa. Ile ya unga wa pinki. Nasikia vinatiwa unga wa shule."

"Vimeoshwa mara tatu, mama. Pinki iko wapi?"

"Umeosha macho. Pua bado."

Alitazama nyuma, akapunguza sauti. "Kesho wanakuja wageni wa semina kuona mzigo huu unapakiwa. Ukifungua mdomo, keshokutwa tafuta yadi nyingine."

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Na shule iliyosubiri unga ilikuwa ya binti wa Tabu.

Kesho yake turubai lilitandazwa, viti vikapangwa, na Mtaalamu akasimama, mama mchangamfu aliyetoka mjini mbali. Alitufundisha kuhusu uchumi wa mzunguko: kitu kisitupwe, kitumike, kitengenezwe, kitumike tena, mwishowe kirudi ardhini. Nilitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda kwake. Kisha alionyesha bango la malengo kumi na saba ya maendeleo endelevu.

"La pili, kumaliza njaa," alisema. "La tatu, afya njema. La kumi na mbili, kuzalisha na kutumia kwa uangalifu. Mfuko mmoja ukizunguka vizuri unayagusa yote matatu."

Nilimpenda. Alikuwa anasema mambo ya Msimamizi, ila kwa bango.

"Na nani anahakiki usafi wa hivi?" aliuliza, akigusa viroba vya shule.

"Mimi mwenyewe, mheshimiwa," alisema Meneja. "Safi kama sahani."

Nikasimama. Lakini sikumshtaki mtu. Nilisema tu, "Mgeni wetu, kazi yetu ina desturi. Anayelisifu gunia hulivaa, akasalimia watu."

Mtaalamu alipiga makofi. "Nzuri sana! Nipeni nami nivae!" Alikwisha kuokota kimoja. Nilimpokonya kiroba kama anayempokonya mtoto kisu.

"Wewe usivae, mama. Wewe hujalisifu."

Nikampa Meneja. Vijana wakaanza, "Avae! Avae!" Dereva mmoja wa Zambia alitoa kichwa dirishani mwa lori lake. "Bosi, sisi tunangoja salamu! Foleni haiendi popote!"

Meneja alifungua mdomo wa kiroba. Akakiinua mpaka kidevuni. Hapo mikono ikagoma. Jasho lilimtoka, shati likapoteza unyoofu wake.

"Leo nina mafua," alisema.

"Pole, mwanangu. Pua ikiugua, mwenye pua akae nyumbani. Na viroba vibaki yadini."

Mtaalamu hakuwa akicheka tena. "Vilibeba nini?"

"Mbegu," alisema Meneja.

"Zenye dawa?"

Meneja alitazama lile bango, kana kwamba jibu lingekuwa katika mojawapo ya yale malengo kumi na saba.

Viroba vilirudishwa kwa muuza mbegu. Unga wa shule ulisubiri siku mbili, nami nilivaa kila kiroba kilichokwenda kule, nikasalimia mpaka sauti ikakauka. Kuhusu kazi, nilingoja barua ya kufukuzwa. Asubuhi ya tatu niliona kiroba kina miguu, kinanijia.

"Shikamoo, mama," kilisema.

"Marahaba. Hicho kilibeba nini?"

"Mchele."

"Umepata, Meneja. Toka."

Nilistaafu kutoka yadi hiyohiyo, na Meneja ndiye aliyesoma hotuba. Vijana mnaonifuata, zungusheni vitu, ndiyo. Ila kabla hujakizungusha kitu, uliza kimetoka wapi, na ukikisifu, uwe tayari kukivaa. Anayekimbilia lengo la kumi na mbili kwa kulikanyaga la tatu hajazunguka popote, amepotea njia.

Tabu ameniletea manukato ya zawadi. Nayatunza kabatini, nisije nikaharibu chombo cha kazi. Mlangoni pangu nimetandika lile gunia la Ruanda. Limeshuka vyeo vyote, sasa linangoja mgomba, na kila mwaka naliahirishia. Juzi nilipolikung'uta nililinusa, kwa mazoea tu.

Lina watu watano. Mlinzi, na sisi wanne.